Koki ya Mama Domi

Mashine zote zinanisikia. Sisemi kwa majivuno. Nasema kama mtu anavyosema ana vidole kumi. Simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya togwa nimeifufua. Spika ya kanisa iliyokuwa ikiunguruma yenyewe hata baada ya ibada nimeinyamazisha. Mimi ni Lameck wa Mkonze, kidato cha nne nimemaliza, na cheti changu kina alama ambazo hatutazijadili hapa, lakini mashine haziombi cheti. Ukizishika tu zinajua zimeshikwa na nani.

Maneno hayo nilimwambia Hana, tuliyesoma naye darasa moja, siku aliyoniletea simu yake nimbadilishie kioo. Kuyasema si kosa. Kosa ni kumwambia mtu mwenye mama mkubwa.

Huyo mama mkubwa wa Hana ni Flaviana, ila Makutupora wote wanamwita Mama Domi, kwa jina la binti yake Domitila. Ni Msandawe wa Farkwa, aliolewa huku, mume akafariki, akabaki yeye na shamba la mizabibu. Shamba si kubwa. Lakini simama katikati yake asubuhi ya Julai, baridi ikiwa bado imelala juu ya waya na majani yakinong'onezana, utadhani mistari ile inakwenda mpaka mahali ambapo watu hawajapewa majina.

Maji pale ni ya zamu. Wakulima wana kisima kirefu kimoja na tenki moja, na kila shamba lina kipande chake cha asubuhi. Zamu ya Mama Domi ni ya kwanza, kabla jua halijagusa vilima. Baada yake ni jirani yake, Thobias. Zamu yako ikifika koki yako ikiwa imefungwa, maji hayapigi hodi. Yanampita jirani, na jirani hawezi kukurudishia.

Ndiyo maana Mama Domi alikuwa na mashine. Fundi mmoja anayeitwa Filipo alimfungia kompyuta ndogo, ndogo kuliko mche wa sabuni, akaiweka ndani ya kopo la plastiki la kuhifadhia mkate, akaining'iniza kwenye nguzo. Kazi yake ilikuwa kufungua koki ya umeme zamu inapofika, kuifunga zamu inapokwisha, na kumtumia Mama Domi ujumbe kwenye simu. Filipo akahamia Tabora. Mashine ikaanza kusahau saa. Inalala alfajiri, halafu saa sita mchana, tenki likiwa tupu, inafungua koki kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mama Domi," nikasema siku Hana aliponifikisha.

"Marahaba. Wewe ndiye unayesikiwa na mashine?"

Nikamtazama Hana. Hana akatazama mizabibu.

"Tunaelewana," nikasema.

"Basi elewaneni upesi. Kesho mchana napanda basi la Farkwa. Domitila amekaribia."

Alikuwa akifunga tawi kwenye waya, na hakugeuka alipoendelea. "Mara ya kwanza nilibaki hapa na ndoo. Zabibu zilikuwa zimevimba hivi hivi. Akajifungua bila mimi, na mtoto hakukaa. Safari hii nitakuwa nimeketi kichwani pake. Lakini na hizi nazo." Akakishika kichala kwa kiganja kama mtu anayepima joto la mtoto. Punje zilikuwa kijani, ngumu. "Zikikosa maji sasa zinadondoka. Na ndizo zitakazomlea huyo anayekuja. Kwa hiyo niambie, fundi. Niende, au nisiende?"

"Nenda, mama. Pakia hata na mto."

Hana akanong'ona, "Lameck, mimi ndiye niliyekudhamini."

"Umedhamini dhahabu," nikamjibu.

Dawa yenyewe ilikuwa inajulikana. Programu ile ilikuwa na toleo jipya lisilosahau saa. Tatizo ni kwamba mtandao wa intaneti pale shambani ni kama mvua ya Dodoma, unausikia kwa wenzako. Basi kesho yake nikachukua flashi, nikaenda Mtumba kwa Elisha, mtoto wa baba yangu mdogo, mwenye stesheneri ya kuwaprintia barua watu wa wizara. Nikakaa kwenye kompyuta yake ya mezani, nikafungua ukurasa wa wenye programu.

Ukurasa ule ulikuwa mwema mno. Haukuniuliza hata jina. Uliitazama mashine ya Elisha juu mpaka chini, ukatoa kitufe kikubwa cha kijani, ukasema: hiki ndicho kinachokufaa. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuambiwa hivyo na yeyote. Nikabonyeza.

Mwishoni mwa jina la faili palikuwa na herufi chache na namba.

"Hizo ni nini?" Elisha akauliza.

"Jina la aliyeitengeneza."

"Baba yake alimwita hivyo?"

"Wazungu, ndugu yangu."

Mchana nikarudi Makutupora. Mama Domi alikuwa ameshajifunga kitenge cha safari, vikapu vimepangwa mlangoni. Nikaunganisha laptopu yangu na lile kopo, nikachomeka flashi, nikatoa amri. Mashine ikafikiri kidogo, halafu ikaniandikia kwa Kiingereza cha upole kwamba kifurushi hiki kimejengwa kwa prosesa ya aina nyingine, si hii yake, na hivyo inaomba radhi.

"Inasemaje?" Mama Domi akauliza.

"Inasalimia."

Sasa, kuna neno ambalo watu wa mashine wanalijua na hawatakiwi kulitumia. Ni neno la kulazimisha. Ukiliandika kwenye amri, mashine inaacha kuuliza maswali, inakunja mikono, inakupisha. Nililiona kwenye video moja. Jamaa wa kwenye video alisema usijaribu hivi, lakini nilikuwa nimepunguza sauti.

Nikaliandika.

Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mirefu, myeupe, kama kondoo wanaoteremka mlimani. Programu ya zamani ikaondolewa. Mpya ikaketi mahali pake, na ndugu zake wote iliokuja nao wakaketi. Mwisho ikaandika kwamba kuweka kumekamilika. Haikuandika kwamba itafanya kazi. Hayo ni mambo mawili, lakini saa ile, jua likiwa limelegea na majani ya mizabibu yakipitisha mwanga wa kijani mpaka kwenye mikono yangu, yalionekana jambo moja.

"Imekula?"

"Imekula na kushiba, mama."

Akanipa ufunguo wa kibanda cha shambani nilale humo mpaka mashine izoee. Akapanda basi. Nilimpungia mkono kama waziri.

Alfajiri niliamshwa na kitu ambacho hakikutokea. Ulikuwa ukimya wenye umbo, upande wa koki. Nikatoka na shuka mabegani. Mbingu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyomwagiwa majivu, vilima havijaamua kama vipo. Bomba kuu lilikuwa linaimba. Maji yalikuwa yameshafika, yanapita mbele ya koki yetu iliyofungwa, yanakwenda kwa Thobias bila hata kugeuza shingo.

Nikakimbia. Chini ya koki ya umeme kuna kishikio kidogo cha kufungulia kwa mkono. Nikakizungusha mpaka vidole vikauma. Mipira ya maji ikatetemeka, ikapiga chafya ya hewa, kisha tone la kwanza likaning'inia kwenye mstari wa kwanza, likaanguka. La pili. Halafu shamba zima likaanza kudondoka taratibu, kama watu wengi wanaokubaliana na jambo mmoja mmoja.

Nikageukia kopo. Nikaizima mashine, nikaiwasha, dawa iliyoponya mataifa. Haikuamka. Taa moja nyekundu tu, imekodoa kama jicho la mlevi asiyekumbuka kwake.

Nikampigia Filipo Tabora. Alikuwa bado kitandani.

"Ulishushia wapi hiyo programu?"

"Kwa Elisha. Kompyuta ya mezani."

"Basi tovuti iliitazama mashine ya Elisha ikakupa ya Elisha. Hii ndogo prosesa yake ni ya aina kama ya simu. Haziandikiwi maagizo kwa namna moja. Herufi za mwisho wa jina la faili ndizo zinazosema ni ya prosesa gani. Lakini ngoja, haikukukatalia?"

"Ilikataa kidogo."

"Halafu?"

Nikamwambia lile neno. Filipo akaguna, na nyuma yake nikasikia majogoo wa Tabora.

"Kwa hiyo nimemnywesha punda petroli," nikasema.

"Umemnywesha, na ukambana mdomo ameze. Na umeondoa hata ile ya zamani iliyokuwa inajikongoja. Hapo haitengenezeki bila memori kadi mpya. Nitaiandaa hapa, nitaituma na basi. Nipe siku chache."

Simu yangu ikalia kabla sijajibu. Ulikuwa ujumbe wa Mama Domi: *Fundi, sijaona ujumbe wa shamba. Domi ameanza uchungu wa kuja na kuondoka. Kama mashine imekataa niambie kweli, nigeuze na basi la leo.*

Nilisimama na ule ujumbe, maji yakinilowesha vidole vya miguu. Ningeandika kweli, angerudi. Ningemwona anashuka na vikapu vyake, anachukua ndoo, na kule Farkwa kichwani pa Domitila pangebaki wazi tena. Basi nikafungua kopo, nikachomoa laini ya simu ya mashine, ile ambayo kwenye simu ya Mama Domi imeandikwa Shamba, nikaitia kwenye simu yangu nafasi ya pili.

*KOKI IMEFUNGULIWA. MAJI YANATEMBEA*, nikaandika kwa herufi kubwa, kwa sababu mashine hazina herufi ndogo.

*Mungu ni mwema*, akajibu. Nami nikawa mashine.

Si kazi mbaya, nikwambie. Unaamka kabla ya mwanga, unavaa shuka, unachuchumaa kando ya koki kusubiri bomba lianze kuimba. Kinachobaki ni kusikiliza. Nilianza kuyajua maji kabla hayajafika. Yalikuwa yanatuma pumzi mbele yake. Mizabibu nayo nikaanza kuizoea. Mingine inakunywa kwa haraka, udongo wake unameza tone bila hata kuacha doa. Mingine inalishika kwanza juu ya jani, inalitazama, halafu ndipo inaliachia. Wakati mwingine macho yalijifumba nikiwa pale pale, nikaota niko ndani ya kopo. Ndani palikuwa pakubwa. Kulikuwa na mistari isiyo na mwisho, na kwenye kila mstari amesimama mtu mdogo mwenye taa, wote wananiuliza kwa lugha nisiyoielewa kama zamu yao imefika. Nami nikawa nawajibu kwa lugha wasiyoielewa wao. Tukatazamana hivyo kwa upole, hakuna aliyekasirika. Nikazinduka tone likinigonga sikio.

Thobias alikuwa akipita na jembe lake, ananisalimia, "Mbukwenyi, fundi." Namjibu. Anakitazama kile kishikio mkononi mwangu, anaendelea na safari yake. Mtu mstaarabu sana, nikajisemea.

Tatizo likawa ujumbe. Ukishakuwa mashine unaingiwa na hamu ya kuwa mashine nzuri. Siku iliyofuata sikuandika tu kwamba maji yanatembea. *MSTARI WA TATU UNA KIU LAKINI UNAJIKAZA*, nikaandika. Mama Domi akajibu: *Mpe pole.* Asubuhi nyingine: *UKUNGU NI MZITO. NDEGE WAWILI WAMEKAA WAYANI, WAMEFUKUZWA KWA MANENO.* Akauliza: *Kwa maneno gani?* Nikatambua nimevuka mpaka. *SALIO HALITOSHI*, nikaandika, nikazima.

Haikusaidia. Alfajiri iliyofuata, bomba likiwa ndiyo kwanza linaanza kuimba, akanipigia kwenye laini yangu mwenyewe.

"Fundi, umeamka?"

"Shikamoo, mama. Ndiyo nakagua mitambo."

"Marahaba. Domi hajalala, na mimi sijalala. Tuko hapa wanawake wengi. Nimewasimulia kuhusu shamba linaloandika barua. Nikawaambia koki yenyewe ikifunguka inalia. Hebu sogeza simu, tuisikie. Itamtuliza huyu mtoto."

Ni kweli, koki ya umeme inapofunguka hulia, chuma kinaruka ndani yake: tak. Sasa chuma chetu kilikuwa kimelala usingizi wa taa nyekundu. Kile kishikio cha mkono hakilii, kinakwaruza tu. Kwenye simu nikasikia minong'ono ya wanawake, na pumzi moja nzito inayopanda na kushuka, nikajua ni ya Domitila.

Nikasogeza simu karibu na mdomo. Nikabandika ulimi juu, nikauvuta.

Tak.

Upande wa pili minong'ono ikaongezeka.

"Haijasikika vizuri," Mama Domi akasema. "Irudie."

"Inafunguka mara moja tu, mama."

"Ifunge, halafu ifungue."

Tak.

Hapo nilisahau jambo moja, na Mgogo yeyote kama mimi angelisahau akiwa na baridi ile. Kisandawe ni lugha ya vidoko, ile milio ya ulimi. Mama Domi na wanawake wote waliokuwa chumbani mle wamezaliwa ndani ya vidoko, vya mbele ya ulimi, vya pembeni, vya nyuma kabisa kooni. Kwa vidoko wanaitana, wanagombana, wanabembeleza. Mimi nilikuwa nimewapigia kimoja, kwenye simu, nikidai ni chuma.

Mama Domi akasema kitu kwa Kisandawe. Sauti kama kokoto zinazodondoka kwenye maji. Wanawake wakaanza kucheka, kicheko cha chini kwanza, kisha kikaenea, na katikati yake nikaisikia ile pumzi nzito ikikatika na kuwa kicheko nayo, kicheko cha mtu aliyechoka sana.

"Nimeisikia," Mama Domi akasema akirudi kwenye Kiswahili. "Koki nzuri. Endelea kukagua mitambo."

Nikakata simu nikiwa mshindi. Wamefurahi, nikajisemea. Siku nzima nilitembea kati ya mistari nikipiga tak, tak, mpaka ndege wakahama.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nilizungusha kishikio, nikachuchumaa, mguu mmoja ndani ya tope, shuka limefunika kichwa, nikaanza kuandika. *KOKI IMEFUNGULIWA. SHAMBA LINAULIZA HALI YA DOMITILA.*

"Mzima," sauti ikasema nyuma yangu. "Amejifungua jana jioni. Mtoto wa kike."

Sikugeuka mara moja. Kuna wakati mtu akiwa amechuchumaa anatumaini kwamba ukungu ni ukuta.

"Ana nywele nyingi," Hana akaendelea. "Analia kama tarumbeta. Mama mkubwa ndiye aliyempokea."

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya mashine, amevaa sweta la shule la zamani, mkono mmoja umeinua mfuniko wa kopo. Taa nyekundu ilikuwa inamwangaza kidevu.

"Umefika saa ngapi?" nikauliza.

"Kabla yako. Ulitoka kibandani unapiga miayo, ukaisalimia mizabibu."

"Nilikuwa naipima."

"Uliuambia mstari wa tatu pole."

Nikafikiria kumweleza habari za prosesa, za kitufe cha kijani, za kadi inayokuja kutoka Tabora. Mdomo ukafunguka, lakini Hana akaniwahi.

"Mama mkubwa alinipigia jana," Hana akasema. "Anasema koki yake ya zamani inapiga kidoko cha chuma. Ya jana ilipiga kidoko cha Mgogo. Ulimi unachelewa, halafu mate yanafuata. Anasema na huyo Mgogo ana pengo mbele. Wakinamama wakaomba irudiwe, ndiyo akakwambia uifunge na kuifungua."

Nikafunga mdomo kuficha pengo.

"Alitaka kurudi," Hana akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya utani. "Alishashika kikapu. Akampigia Thobias kwanza. Thobias akamwambia shamba limelowa kila asubuhi, ila mashine siku hizi inavaa shuka na inapiga chafya. Ndipo akakiweka kikapu chini, akakaa."

Ukungu ulikuwa unaanza kupauka upande wa mashariki. Matone yalikuwa yanaanguka mstari hadi mstari. Hana akatoa simu yake, akabonyeza, akanyoosha mkono mpaka simu ikawa mbele ya uso wangu. Ndani yake kilisikika chumba, sauti nyembamba ya mtoto ikilalamika, na mtu akimbembeleza kwa vidoko vya polepole.

"Shamba?" Mama Domi akaita.

Hana akanitazama. Nilikuwa na kishikio cha koki mkono wa kulia na simu yenye herufi kubwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Mama Domi," nikasema.

"Marahaba. Sasa funga koki, baba. Zamu yetu imeshapita, unamnyima Thobias."